Pumzi ya Motokaa: Jinsi ya Kuchagua na Kufunga Manifoldi

Likizo iliyopita sikwenda mbali. Nilikaa hapa hapa Bagamoyo kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa motokaa, na siku nyingi nilizimaliza gerejini kwake nikiwa na mafuta machafu mpaka viwikoni. Mhariri wetu ameniomba nieleze jambo moja nililojifunza huko. Nimechagua kueleza habari za manifoldi ya hewa, yaani jinsi inavyochaguliwa na jinsi inavyofungwa katika motokaa ya mashindano. Huenda wengine wakasema kuwa jambo hili ni la mafundi tu. Sivyo. Ndani yake mna fizikia ile ile tunayofundishwa darasani, tena mna funzo ambalo mimi mwenyewe nililipata kwa aibu, kama nitakavyosimulia.

Kwanza yafaa tujue manifoldi ni kitu gani. Injini ya petroli huvuta pumzi kama sisi. Pistoni inaposhuka, nafasi hupatikana ndani ya silinda, na hewa ya nje huingia kuijaza. Hewa hiyo hupita kwanza katika chujio, kisha katika kabureta ambamo huchanganyika na petroli, na baada ya hapo hugawanywa kwa silinda zote. Chombo cha kuigawanya ndicho manifoldi. Umbo lake ni kama mkono: kiganja hushika kabureta, na vidole vinne huelekea kwenye matundu manne ya kichwa cha injini. Motokaa zinazotengenezwa siku hizi hazina kabureta, maana petroli hunyunyizwa kwa vipua vidogo vinavyoongozwa na umeme, lakini manifoldi bado zinayo, na kazi yake ya kugawa hewa ni ile ile.

Motokaa tuliyoishughulikia ilikuwa Toyota Corolla ya zamani yenye injini iitwayo 4K. Ukubwa wa injini hiyo ni sentimita za ujazo 1290, yaani lita 1.29. Kila injini inapozunguka mara mbili, silinda zake zote huwa zimevuta pumzi mara moja. Basi ikizunguka mara 6000 kwa dakika, huvuta mara 3000. Zidisha 3000 kwa 1.29, utapata lita 3870. Pipa la mafuta huchukua lita 200, kwa hiyo hewa hiyo ingejaza mapipa 19 na zaidi kwa dakika moja! Kwa kweli silinda hazijai kabisa, hivyo kiasi hupungua kidogo, lakini mwaona wenyewe kazi iliyopo. Hewa yote hiyo hupita katika mabomba ambayo kidole gumba na kidole cha shahada vyaweza kuyazunguka. Bomba likiwa na kona mbaya, au likiwa jembamba kupita kiasi, injini hukosa pumzi kama mtu apandaye kilima huku amefungwa kitambaa puani.

Kiwanda kinapotengeneza manifoldi hufikiria watu wote: mwalimu aendaye kazini, mama aendaye sokoni, dereva wa teksi. Hawa wataka motokaa isiyokula petroli nyingi na isiyopiga kelele. Mtu wa mashindano ana haja nyingine, na kwa sababu hiyo wako watengenezaji wengine wanaouza manifoldi za kubadilisha. Hapo ndipo shida ya kuchagua huanza.

Mwenye motokaa alikuwa kijana mfanyabiashara wa samaki hapa mjini. Alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu, na nia yake ilikuwa kuingia mashindano ya barabara za vumbi. Siku alipoileta motokaa alimwamkia mjomba, kisha akamwambia, "Fundi, injini hii ndiyo yote niliyo nayo. Ikifa, sina ya pili." Mjomba alimjibu, "Nimekusikia, mwanangu." Tukaenda wote watatu Dar es Salaam, mtaa wa Gerezani, mahali panapouzwa vipuri vya kila namna.

Muuzaji alituonyesha manifoldi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mabomba mafupi na mapana, nayo huchukua kabureta mbili za kulala, kila moja ikiwa na koo mbili, hata kila silinda ikapata koo lake yenyewe. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama kioo. Ya pili ilikuwa na mabomba marefu kidogo na membamba, rangi yake ya kijivu, nayo huchukua kabureta moja tu ya Weber, ile iitwayo 32/36. Kabureta hiyo ina koo mbili. Dereva anapokanyaga kidogo hufunguka koo la milimita 32 peke yake, na anapozidi kukanyaga hufuata lile la milimita 36. Mwenye motokaa aliikamata ile inayong'aa, wala hakutaka kuiachia. Nami, nisifiche, ningefanya hivyo hivyo.

Mjomba hakumkataza. Alimwuliza tu, "Katika barabara utakayopita, injini yako itazunguka kwa kasi gani muda mwingi?" Kijana akafikiri. Alijua barabara za upande wa Saadani, zenye mchanga, matope na makorongo. Akasema kwamba mara nyingi atakuwa akijikwamua kutoka katika mchanga, au akitoka katika kona kwa mwendo wa polepole. "Basi," akasema mjomba, "umekwisha kuchagua."

Mjomba anajua mambo haya kwa sikio na kwa mkono, kwa maana amefanya kazi hii miaka mingi. Mimi nilitaka kujua sababu, na niliporudi shuleni nilizitafuta katika vitabu vya fizikia kwa msaada wa mwalimu. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni upana wa bomba. Mto Ruvu ukikaribia bahari kaskazini ya mji wetu hupunguza mbio zake, na tope lililokuwa likichukuliwa na maji huzama. Ndivyo ilivyo petroli katika hewa. Bomba likiwa pana na injini ikizunguka polepole, hewa hutembea kivivu, na matone ya petroli huanguka na kushika ukutani mwa bomba. Dereva akikanyaga mafuta, injini husita na kukohoa. Bomba jembamba kiasi huifanya hewa iende mbio hata injini ikiwa polepole, na petroli hubaki imechanganyika nayo.

Sababu ya pili ni urefu wa bomba. Valvu inapojifunga ghafula, hewa iliyokuwa ikija mbio hujigonga mlangoni na kusongamana. Msongamano huo hurudi nyuma kama wimbi mpaka mwisho wa bomba, kisha mshindo wake hugeuka tena kuja kwenye valvu. Wimbi likifika wakati valvu inafunguka, huisukuma hewa ya ziada ndani ya silinda bila gharama yoyote. Wimbi hilo huenda kwa mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa nukta moja. Katika bomba la sentimita 30, safari ya kwenda na kurudi huchukua muda usiofika sehemu 2 za elfu za nukta. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sehemu 20 za elfu. Kwa hiyo wimbi huenda na kurudi mara nyingi kabla valvu haijafunguka tena, na kila safari hupungua nguvu. Bomba likiongezwa urefu, safari huwa ndefu, na wimbi huifaa zaidi injini iendayo polepole. Likifupishwa, huifaa injini iendayo kasi sana. Ni kama filimbi: ndefu hutoa sauti nzito, fupi hutoa sauti nyembamba. Hakuna filimbi moja iliyo bora kwa nyimbo zote.

Wanaotaka ushahidi wautazame historia. Mashindano makubwa ya motokaa ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, na katika miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1968 zilianza motokaa 93, zikamaliza 7 tu! Iliyoshinda mwaka huo ilikuwa Peugeot 404. Motokaa ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyoshinda mwaka 1966 na mwaka 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa kwetu Tanzania. Peugeot 404 ilikuwa motokaa ya watu wa kawaida, ya kubebea jamaa na mizigo. Katika matope yale, injini yenye nguvu nyingi isiyotumika vizuri haikumfaa mtu kitu. Iliyofaa ni ile iliyovuta vizuri siku zote mpaka mwisho.

Basi tulinunua ile manifoldi ya kijivu. Lakini kabla ya kutoa fedha mjomba aliikagua kwa mambo manne, nami nayaandika hapa ili yamfae mtu.

Kwanza, aliweka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi, yaani ule upande unaokutana na injini, akatazama kama mwanga unapenya chini yake. Uso uliopinda hauzibi. Pili, alipima unene wa masikio yake ya kufungia. Katika injini ya 4K manifoldi ya hewa na ile ya moshi hukaa upande mmoja na kutumia gasketi moja, na baadhi ya bolti hubana zote mbili kwa pamoja. Sikio moja likiwa nene kuliko jingine, bolti itabana moja na kuiacha nyingine ikiwa legelege. Tatu, alilinganisha matundu yake na gasketi, ili ukuta wa bomba usitokeze mbele ya njia ya hewa kama kizingiti. Nne, alifikiria nafasi ya chujio, kwa sababu barabara zetu ni za vumbi, na vumbi likiingia katika silinda hukwaruza kama msasa. Tuliporudi gerejini alifanya na jambo la tano: aliweka tonge la udongo laini juu ya chujio jipya, akafunga boneti, kisha akaifungua na kupima unene wa tonge lile lililobonyezwa. Hivyo alijua nafasi iliyobaki bila kubahatisha.

Kazi ya kufunga hufuata taratibu hii. Injini iachwe ipoe kabisa, na waya wa hasi wa betri uondolewe, maana petroli itamwagika kidogo na cheche moja yaweza kuteketeza gereji nzima. Mabomba ya petroli yazibwe. Kila waya na kila mpira unaotolewa utiwe alama. Kabureta ya zamani itolewe, kisha manifoldi. Baada ya hapo kila tundu la kichwa cha injini lizibwe kwa kitambaa safi, na vitambaa vihesabiwe: vikiingia vinne, hapana budi vitoke vinne. Nati moja ikianguka katika tundu hilo yaweza kuivunja injini siku ya kwanza.

Ndipo uso wa injini husafishwa. Gasketi ya zamani huwa imeungua na kushikamana na chuma, na yapasa ikwanguliwe taratibu mpaka chuma kionekane kitupu, pasipo kukichimba. Kisha gasketi mpya huwekwa, manifoldi huingizwa, na bolti zote hutiwa kwa vidole kwanza. Kukaza huanza katikati na kwenda pembeni kwa zamu, huku na huku, tena kwa duru tatu: kidogo, zaidi, na mwisho kwa spana ya kupimia mkazo kama kitabu cha motokaa kinavyoagiza. Anayekaza upande mmoja moja kwa moja huipinda manifoldi. Sisi tukaao pwani twaongeza na grisi kidogo katika mikato ya bolti, kwa kuwa hewa ya chumvi hukutanisha chuma na alumini vikashikana hata havitoki tena.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kazi ya kusafisha uso nilipewa mimi. Jua lilikuwa linakaribia kuzama, mjomba alikuwa anajitayarisha kwenda msikitini, na mwenye motokaa alikuwa ameketi akingoja. Nilisafisha matundu matatu vizuri. Chini ya tundu la nne palikuwa na kipande cha gasketi ya zamani, upana wake kama ukucha wa kidole kidogo. Nilikiona. Mkono haukufika vizuri, nikasema moyoni, "Gasketi mpya itakifinya tu." Tukafunga manifoldi kwa taa.

Asubuhi injini iliwaka. Ilipoachwa ingurume yenyewe ilikuwa ikitetemeka kidogo, lakini ikikanyagwa ilivuta kwa nguvu. Tulikwenda hadi Kiwangwa na kurudi, na kijana yule alifurahi kupita kiasi. Mjomba hakufurahi. Alizitoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa za rangi ya kahawia, ambayo ni dalili ya mchanganyiko mzuri. Ya nne ilikuwa nyeupe kama chaki.

Maana yake ni hii. Petroli huungua vema ikiwa sehemu 1 kwa sehemu kama 14.7 za hewa, kwa uzito. Penye ufa baada ya kabureta, hewa huingia pasipo petroli, na silinda iliyo karibu hupata mchanganyiko mwepesi, ambao huungua vibaya na huweza kuziunguza valvu. Ubaya wa ufa huo ni kwamba hujificha. Mvuto ndani ya manifoldi huwa mkubwa mguu unapoondolewa kwenye mafuta, na hapo ndipo ufa huvuta sana. Dereva akikanyaga mpaka chini, mvuto hupungua, na ugonjwa hausikiki. Ndiyo sababu mwenye motokaa hakuutambua. Lakini mtikisiko wa barabara ungeupanua ufa ule siku hata siku.

Mjomba alichukua mpira mwembamba, akaweka ncha moja sikioni, na ncha ya pili akaipitisha polepole pembeni mwa manifoldi. Alipofika chini ya tundu la nne alinipa mimi nisikilize. Nilisikia mluzi mdogo. Akatia tone la maji mahali pale. Mluzi ukakoma, injini ikatulia kwa kitambo, kisha ikaanza tena kutetemeka. Akazima injini akauliza, "Uso wa tundu la nne umesafishwa na nani?"

Wasomaji, nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba gasketi ilikuwa mbovu. Hakuna ambaye angejua, kwa kuwa tukiifungua itararuka. Lakini nilikumbuka maneno ya yule kijana: sina ya pili. Nikasema, "Ni mimi, mjomba. Tena nilikiona kipande kile nikakiacha." Mwenye motokaa alinitazama bila kusema neno. Mjomba naye hakunigombeza. Alisema tu, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akanipa spana.

Asubuhi nzima nilirudia kazi ile peke yangu, na gasketi ya pili aliinunua mjomba kwa fedha zake, jambo lililoniumiza kuliko kofi. Safari hii nilikwangua kwa kioo kidogo cha kujitazamia, nikaona mpaka kule ambako jicho halifiki. Tulipowasha, injini ilinguruma kwa utulivu, na plagi zote nne zikawa za rangi moja.

Mnataka kujua kama alishinda. Hakushinda, walikuwapo wenye motokaa mpya zaidi. Lakini alimaliza njia yote, akarudi Bagamoyo akiendesha mwenyewe, hakuvutwa kwa kamba kama wengine. Alikuja gerejini akanipa mkono, akamletea mjomba changu watatu wakubwa.

Nawausia wanafunzi wenzangu wasije wakadhani nawahimiza kukimbiza motokaa katika barabara ya watu. Hilo ni kosa na ni hatari. Nawaomba wazazi nao wasione kwamba gereji ni mahali pa walioshindwa masomo, maana mimi niliielewa sauti na mgandamizo wa hewa kwa mkono kabla ya kuzielewa kwa kalamu. Na wote mnaochagua vitu madukani, kumbukeni kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ulizeni kwanza kitu kitafanya kazi gani, na mahali gani. Mkisha kukichagua vizuri, msikiharibu kwa kipande cha ukubwa wa ukucha ambacho mmekiona mkakiacha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne